Chumba cha Kioo

Wateja walimwita Dada Povu kwa sababu alisafisha mazulia, makochi na magodoro majumbani mwao, na hakuna aliyewahi kumwona bila ndoo. Biashara yake ilikuwa simu, mashine ya kunyonya maji na vitambaa vya kutosha. Mashine ililala sebuleni, kati ya kabati na televisheni, na watoto walishazoea kuiruka wakipita.

Kisha hoteli moja ya vyumba arobaini ikampa kazi ya kila mwezi. Mikono miwili haikutosha. Akatangaza kwamba anahitaji msaidizi, watu wakaanza kupiga simu, na hapo ndipo lilipomjia swali ambalo hakuwahi kujiuliza: awasaili wapi?

Wa kwanza alimwita nyumbani. Msichana akafika mpaka getini, akaona nguo za shule kwenye kamba, akasimama.

"Samahani, dada. Nilidhani ni ofisini. Kaka yangu ameniambia nisiingie kwenye nyumba ya mtu nisiyemjua."

Dada Povu hakuweza kumlaumu. Angekuwa binti yake, naye angemwambia hivyo hivyo.

Wa pili alikutana naye kwenye mgahawa. Mashine ya juisi ilinguruma, mhudumu akaja mara tatu kuuliza kama wataongeza kitu, na alipomuuliza yule kijana angefanya nini mteja akilalamika, mzee wa meza ya jirani akajibu kabla yake. Tena jibu la mzee lilikuwa zuri zaidi.

"Si umwombe mdogo wako?" mumewe akamwambia jioni ile. "Ana chumba cha mikutano kile, kina kioo mpaka chini."

Dada Povu akakunja uso. Mdogo wake, ambaye nyumbani walimwita Kitinda, alikuwa wakala wa bima, na tangu afungue ofisi ile ghorofa ya pili, mama yao hakuwa na habari nyingine. Wageni wakija, mama husema, "Huyu wangu mdogo ana ofisi, jina lake limeandikwa mlangoni." Halafu hukumbuka kwamba kuna mwingine. "Na huyu mkubwa anafua makapeti." Dada Povu, aliyembeba Kitinda mgongoni mpaka akajua kutembea, alikuwa anacheka pamoja na wageni, kisha anakwenda jikoni kuosha vyombo visivyo vichafu.

Alijikaza kisabuni, akapiga simu. Kitinda hakumwacha hata amalize.

"Dada, njoo hata kesho! Chumba kiko tupu mpaka saa saba."

Angalau angesitasita kidogo. Wepesi ule ulimuuma kuliko kunyimwa.

Kesho yake alivaa gauni lake la harusi za watu. Msichana wa mapokezi akamtazama. "Una miadi na bosi?"

"Mimi ni dada yake."

"Ahaa, karibu. Hamfanani."

Chumba kilikuwa na meza ndefu, viti vinavyozunguka na birika la umeme. Zulia la kijivu lilikuwa na doa la chai karibu na mlango, na Dada Povu akalifurahia doa lile kwa dhati. Alisaili wawili, hawakumridhisha. Wa tatu akawa mama mmoja wa rika lake, mwenye mabega mapana, aliyefanya usafi wa wodi hospitalini miaka tisa.

"Kapeti likiwa na damu?"

"Maji baridi. Ukitia ya moto umeipika, haitoki tena. Na husugui, unagandamiza kitambaa."

Dada Povu akasogeza kiti. Wakazungumza kuhusu sabuni, harufu ya mikojo ya watoto, wateja wanaoficha madoa chini ya mito. Walikuwa wanacheka mlango ulipofunguliwa na Kitinda akaingia na chupa za maji, viatu vyake vikigonga kama anapigilia misumari.

Yule mama akasimama upesi. "Habari za kazi, bosi."

"Nzuri, kaa tu, mama." Kitinda akavuta kiti, akaketi. "Umesema ulikuwa wapi kabla?"

Hakumsahihisha. Yule mama akamgeukia, akaanza kujieleza upya kwa sauti ya heshima ambayo Dada Povu hakuwa ameisikia dakika ishirini zote. Wivu ukampanda mpaka masikio yakawa ya moto. Jina mlangoni sawa, sifa za mama yao sawa, lakini hata huyu? Hata wa kwake wa madoa?

"Tutakupigia," Dada Povu akasema kwa ukavu. Yule mama alipotoka tu, akachora mstari juu ya jina lake kwenye orodha.

Kitinda akaona. "Huyo si ndiye bora kuliko wote?"

"Ana maneno mengi."

"Dada, umeanza nini? Mimi nilileta maji tu."

"Ulileta maji, ukakaa, ukauliza maswali! Hiki kimoja tu ungeniachia."

Kitinda akamwangalia kana kwamba anamwona leo. Kisha akasema taratibu, "Haya. Kama humtaki, mimi namchukua. Msafishaji wangu ameacha wiki iliyopita."

Dada Povu akanyakua mkoba, akashuka ngazi mbio, gauni la harusi amelishika kwa mkono mmoja. Alimkuta yule mama kando ya barabara, akisubiri magari yapite.

"Mama, ngoja!" Akahema. "Ofisi ile si yangu. Yule ni mdogo wangu, hahusiki. Mimi sina ofisi kabisa. Mashine yangu inalala sebuleni."

Yule mama akamtazama kutoka juu mpaka chini, akacheka. "Kwani kapeti linafuliwa ofisini? Niambie tu, tunaanza lini?"

Walianza Jumatatu. Ndani ya miezi miwili vyumba arobaini vikawa vyepesi, hoteli ikaongeza na kumbi. Alipohitaji mtu mwingine, Dada Povu alimwomba msimamizi wa vyumba nafasi kidogo, akasailia kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, akiwa na mfano wa kapeti chafu mezani.

Kitinda alipiga simu siku moja. "Dada, nilikosa siku ile. Ningemwambia bosi ni wewe."

"Yamepita."

"Yule mama bado unaye?"

"Ninaye."

"Una bahati. Wangu huyu mpya hata vumbi halioni."

Dada Povu akampa pole. Alijua si vizuri, lakini furaha iliyomjaa kifuani ilikuwa kubwa kuliko ile pole, na hakufanya haraka kuifukuza.