Jubile ya Tatu ya Bonaventure

Wachezaji wengine huaga mpira mara moja tu. Bonaventure wa Rugenge alikuwa ameuaga mara mbili, na sasa, akiwa na miaka arobaini na mbili, alijiandaa kuuaga tena.

Jubile, yaani mechi ya kumuaga mchezaji mkubwa, ina adabu yake: anayeagwa lazima afunge. Mabeki huteleza kwenye vumbi kavu, golikipa huruka upande ambao mpira haupo, hotuba zinasomwa, zawadi zinatolewa. Jubile ya kwanza Bonaventure alifunga, akalia, akapewa mbuzi. Wiki mbili baadaye yuko mazoezini. Ya pili akafunga, akalia zaidi, akapewa viti vinne vya plastiki. Mwezi haukuisha, jezi namba tisa ikaonekana uwanjani na mwenyewe ndani yake.

Mkewe Émérance alidhani anajua sababu. Yale mabao yalimdanganya mumewe. Alirudi nyumbani akijiona kijana, kumbe amepishwa tu. Na kila Jumapili ni Émérance aliyelikanda goti bovu la mumewe kwa maji ya chumvi, limevimba kama kiazi. Daktari alishasema: msimu mmoja zaidi, atatembea na fimbo. Émérance hakumtaka mume wa fimbo. Alimtaka huyuhuyu anayecheza harusini mpaka wapiga ngoma wanachoka.

Basi Ijumaa, siku mbili kabla ya jubile ya tatu, akapanda pikipiki hadi Kavimvira kumtafuta Achille, golikipa wa timu itakayocheza na Rugenge. Alimkuta karibu na mpaka akipakia magunia ya mchele.

"Achille, dimanche usimuachie bwana yangu goli."

Achille akashusha gunia. "Mama, iko jubile. Watu watanitupia majiwe."

"Watupe. Akipata goli, atarudia tena. Goti ikivunjika, ni weye utamubeba ku hopitali?"

Achille alimtazama mama huyu mfupi aliyejaa vumbi la barabara, akacheka hadi akaketi juu ya gunia. "Bon. Minye nitadaka yote."

Na alidaka. Jumapili hiyo mabeki walianguka kwa adabu zao zote, mmoja akalala chini kabla hajafikiwa, lakini Achille alirukia kila mpira kama mtu aliyevamiwa na siafu. Uwanja ukamzomea. Mwamuzi, mtu wa huruma, akatoa penalti ambayo hata Bonaventure hakuielewa. Achille akaipangua. Bibi mmoja akamrushia ndala. Émérance naye alizomea kwa nguvu ili asishukiwe, huku moyo ukimruka kwa furaha na kumuuma kwa huruma.

Dakika ya sabini, mpira ulimfikia Bonaventure nje kidogo ya kumi na nane, ameligeuzia goli mgongo. Aligeuka kwa mguu ule mbovu, akampita beki aliyekuwa bado anatafuta pa kuangukia, akapiga. Achille aliruka kwa urefu wake wote. Vidole viligusa mpira, mpira ukaingia.

Émérance alipiga vigelegele na kurukaruka kabla hajakumbuka kwamba ameshindwa. Kisha akanywea. Sasa atacheza mpaka miaka hamsini, akajisemea, na mimi nitakanda mpaka nife.

Lakini Bonaventure hakushangilia. Alikwenda kwa Achille, akamwinua, akamuuliza jambo sikioni. Achille akatikisa kichwa. Bonaventure akaketi palepale kwenye mstari wa goli, akavua viatu, akamkabidhi golikipa, akatoka uwanjani na soksi, anachechemea na kucheka, mpaka mbele ya mkewe.

"Mama Shalom, twende ku nyumba."

"Mechi haijaisha. Na mardi, kesho kutwa, utarudia ku mazoezi."

"Hapana. Zile mbili walinipatia tu, minye nilikuwa najua. Nilikatala kuacha mupira na goli ya kupewa. Sasa nimemuuliza ule gardien kama ameniachia. Amesema hapana."

Émérance alimkodolea macho. "Kumbe miaka yote hii uko unatusumbua juu ya goli moja?"

"Moja tu. Lakini ya kweli."

Alitaka kumsimulia safari yake ya Kavimvira, ila kicheko kilimbana. Akamshika mkono, nusu kwa mapenzi, nusu kwa ajili ya goti. Nyuma yao wenye hotuba walimwita kwa kipaza sauti, mara ya kwanza, mara ya pili. Mechi ilikuwa bado inaendelea, na Bonaventure hakugeuka kuitazama.