Gari Lililokwama Kabla ya Ulaya

Naomi alikwisha kumwambia mama yake mara tatu kwamba hospitalini kuna vitanda, na mara zote tatu mama yake aliitikia "Haya, mwanangu," kisha akaendelea kulifunga godoro kwa kamba ya katani. Kubishana na Bibi Kishiwa ni kupoteza muda. Kwake yeye, mgonjwa anayekwenda kulazwa bila godoro, ndoo, sufuria na mchele wake ni mgonjwa asiye na kwao.

Muda wenyewe haukuwapo. Madaktari wa macho walikuwa wamepiga kambi hospitalini Mikumi wiki nzima, na hiyo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho. Daftari la majina lingefungwa saa nne asubuhi. Asiyekuwapo angesubiri kambi nyingine, na hakuna aliyejua ingekuja lini. Bibi Kishiwa alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Miaka miwili sasa watu aliwajua kwa sauti na ng'ombe aliwajua kwa kengele. Miezi sita Naomi alimbembeleza akubali kupasuliwa, na alipokubali alitoa sharti moja tu: hapandi basi. Angekwenda na gari la Naomi au asingekwenda kabisa.

Sasa gari lenyewe halikuumbwa kwa ajili ya magodoro. Lilikuwa dogo, la kifahari, viti vya ngozi, nyuma limekatika ghafla kama mkate uliokatwa na mtu mwenye njaa. Naomi alikuwa fundi wa mitambo kwenye shamba la mbegu Kilangali, na alilinunua likiwa limeshatumika ng'ambo. Alilipenda kifundi, yaani alipenda zaidi yale yasiyoonekana. Mbele lilikuwa na injini ya petroli ya silinda tatu, na hapohapo mota ya umeme; chini ya kiti cha nyuma ilikaa betri kubwa aliyoichaji nyumbani kwa waya, kama mtu anavyochaji simu. Kilomita hamsini za kwanza lilikwenda kwa umeme mtupu, bila moshi wala mngurumo. Petroli ikiingia kazini, umeme nao haukulala: kila akikanyaga breki, kidogo kilirudi betrini. Angeweza kukueleza mambo hayo mpaka chai ipoe.

Maduhu, kaka yake, hakutaka kuelezwa. Kwake gari ni pikapu, na mengine yote ni vinyago.

"Sasa dada, ukikwama huko porini, utalichomeka kwenye mti gani?" aliuliza mbele ya majirani, huku akilisukumiza godoro kwenye kiti cha mbele.

Watu wakacheka. Naomi naye akacheka, lakini maneno yale yalimchoma, kwa sababu ndilo swali alilokuwa akijiuliza yeye mwenyewe tangu alfajiri.

Buti likajaa mchele, maboga na ndoo. Bibi Kishiwa akakaa nyuma kama waziri, na miguuni pake akawekwa jogoo aliyefungwa miguu, jogoo wa daktari. Wakaondoka kwao Rudewa saa moja kasorobo.

Mpaka Kilosa mjini mambo yalikuwa mazuri. Lami ni nzuri, gari likateleza kimya, kimya kiasi kwamba karibu na stesheni ya treni ya umeme bodaboda mmoja alikatiza mbele yao bila kugeuka, na Naomi akapiga honi na kumtukana kwa sauti ambayo mama yake alijifanya hakuisikia. Baada ya mji lami ikawa ya kubahatisha, mara ipo, mara vumbi. Wakafunga vioo. Naomi akataka kuwasha kiyoyozi.

"Usiniwashie hilo libaridi," mama yake alisema. "Litaniumiza macho."

"Mama, si unaona joto hili?"

"Mimi sioni chochote, ndiyo maana tunakwenda Mikumi."

Naomi akaurudisha mkono kwenye usukani. Wakaendelea hivyohivyo, vioo vimefungwa, kiyoyozi kimezimwa, jasho linawatoka na jogoo ametoa ulimi. Mlima mmoja, bonde, mlima mwingine. Walipoanza kuupanda ule wa mwisho kabla ya kijiji cha Ulaya, taa nyekundu ikawaka kwenye dashibodi na maandishi yakatokea: betri imepata joto kupita kiasi, simama mahali salama. Naomi alikanyaga mafuta, gari likagoma kabisa kuongeza mwendo. Likajikongoja hatua chache za mwisho na kusimama pembeni mwa barabara, taratibu, kwa adabu zote, kana kwamba limefika.

Saa mbili na dakika kumi.

Kwanza alikaa tu ameshika usukani. Hasira ilimpanda, si juu ya gari, juu yake mwenyewe. Aliliona kundi zima la Rudewa likimcheka, na hilo angelistahimili. Alichoshindwa kukistahimili ni kumgeuza mama yake arudi nyumbani na macho yaleyale. Alimfahamu. Kumtoa tena ingekuwa kama kuihamisha milima ya Ukaguru.

Mzee mmoja mwenye baiskeli na magunia mawili ya mkaa akapunguza mwendo.

"Limekufa?"

"Limepumzika, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Gari la wapi hilo?"

"La Ulaya."

Mzee akatazama mbele, kule mapaa ya bati ya kijiji yalikoonekana, akatikisa kichwa. "Gari la Ulaya, limeshindwa kufika Ulaya?" Akaenda zake huku akijichekea, na Bibi Kishiwa kule nyuma akacheka mpaka akakohoa.

"Mama, hili si la kucheka!"

"Basi nimeacha."

Naomi akashuka. Alijua asiguse nyaya za rangi ya machungwa chini ya boneti, kwa kuwa umeme unaopita humo hauna msamaha, na wala hapakuwa na cha kugusa. Injini ilikuwa sawa, maji yapo. Kilichoumwa kilikuwa nyuma. Akafungua mlango wa nyuma akainama, akaacha kufikiri kwa kichwa, akaanza kusikiliza, kama anavyofanya kila msimu wa mavuno kwenye mashine za kukaushia mbegu. Mashine zile zina mafeni makubwa, na mfanyakazi mzembe akiegemeza gunia kwenye mdomo wa feni, feni haikai kimya. Hulia juu, sauti nyembamba ya kuteseka, kwa sababu inazunguka bila kupata hewa ya kusukuma. Sauti hiyohiyo ilikuwa ikitoka chini ya kiti cha mama yake.

Kwanza alimshuku jogoo. Akamhamisha, akatazama kama kuna manyoya. Hakuna. Akapitisha mkono pembeni mwa kiti, karibu na mlango, mahali penye tundu la wavu ambalo betri hupitishia hewa yake. Vidole vikakutana na kitambaa. Akavuta, kikaja, akavuta tena, kikazidi kuja, kitenge kizima cha mama yake, kimeshindiliwa mle kwa ufundi wa mtu aliyeziba matundu ya ghala maisha yake yote.

Feni ikashusha sauti papo hapo. Naomi alitaka kulia na kucheka kwa pamoja.

"Mama. Hiki nani kakiweka humu?"

Bibi Kishiwa alikuwa ameinamisha uso. "Palikuwa panalia ssss. Nikadhani ni ule upepo wako wa baridi unatokea hapo. Nikasema nikikuambia utaona nalisema vibaya gari lako, baada ya maneno yote ya Maduhu. Nikaziba."

"Hapo hapatoi upepo, mama. Hapo panavuta. Hii betri inavuta hewa humuhumu tunamokaa. Tukipata joto sisi, nayo inapata joto. Ukipaziba, ndiyo umeikaba roho."

"Kumbe."

Kosa la mtu mwenye heshima zake, Naomi aliwaza, na hasira yote ikamtoka. Akafungua milango yote minne, akawa anapepea kwa kitenge kilekile, akitazama kipimo cha joto kikishuka kwa uvivu. Kama kingeshuka ndani ya nusu saa, wangewahi. Alianza hata kuimba chinichini.

"Naomi."

"Naam, mama."

"Nililisikia linachoka." Bibi Kishiwa alikuwa akilipapasa godoro lililokuwa mbele yake. "Tangu mlima ule wa kwanza. Sauti ilibadilika. Nikajua ni kwa sababu ya kitenge, mimi si mjinga. Nikanyamaza. Nilitaka lisimame."

Naomi akaacha kupepea.

"Kwa nini?"

"Debora alikuja jana. Jirani yetu. Anasema pale wanalitoa jicho zima, wanaliweka kwenye sahani, wanaliosha, halafu wanalirudisha. Shangazi yake likakataa kurudi." Aliishika kamba ya godoro kwa mikono yote miwili, mikono iliyokamua ng'ombe na kulea watoto sita. "Naogopa, mwanangu. Naogopa vibaya sana. Nikaona gari likikwama, hatakuwapo wa kusema Kishiwa ameogopa. Watasema gari bovu."

Miezi sita ya kubembeleza, na Naomi hakuwahi kumuuliza kama anaogopa. Alimweleza tarehe, alimweleza gharama haipo, alimweleza habari za gari. Aliona aibu. Akaingia, akakaa kando ya mama yake kwenye kiti chenye moto wa kuivisha yai, akamshika mkono.

"Hawalitoi jicho, mama. Sikia. Unazikumbuka zile taa za pikapu ya Maduhu, kioo kilivyopauka mpaka mwanga hautoki? Alifanyaje? Aling'oa taa nzima?"

"Alibadili kioo."

"Na jicho lako ni zima, ila lina kioo kilichopauka. Wanakitoa hicho, kidogo kama mbegu ya mpunga iliyokobolewa, wanaweka kingine kisafi. Wewe uko macho, wamekutia ganzi, unawasikia wanavyoongea. Basi."

Lori likapita, vumbi likawafunika, likatulia.

"Lakini ukisema turudi, tutarudi," Naomi alisema, na kila neno lilimtoka kwa shida, kwa sababu alimaanisha. "Nitageuza sasa hivi. Maduhu nitamwambia gari lilikuwa bovu."

Kipimo kilikuwa kimeshuka. Maandishi mekundu yalikuwa yamefutika. Saa tatu kasoro dakika kumi, na Naomi hakusema lolote kuhusu saa. Alingoja.

"Debora mwenyewe," Bibi Kishiwa alisema hatimaye, "hata Mikumi hajawahi kufika." Akavuta pumzi, akajifuta uso kwa upindo wa gauni. "Washa gari. Na hilo libaridi lako liwashe, nalo lisije likafa tena."

Naomi hakuwahi kuendesha vile. Kiyoyozi kiliunguruma, betri ikavuta hewa ya ubaridi, injini na mota zikapokezana kazi milimani pasipo hata kushtuka, na kwenye kila mteremko alitazama umeme ukirudi, akahisi na yeye kinamrudia kitu. Waliipita Ulaya, mapaa ya bati na watoto wa shule, na mama yake akauliza, "Hapo ndipo Ulaya?" na Naomi akasema ndiyo, na wote wawili wakacheka upya. Mkono mmoja wa Bibi Kishiwa ulikuwa umemshika bega tangu walipoondoka, na haukutoka mpaka walipoiona barabara kuu ya Mikumi.

Walifika saa nne kasoro dakika saba. Nesi aliyekuwa na daftari, Monica, alikuwa ameshafunga kalamu yake. Akamtazama bibi aliyekuwa akiongozwa mkono, akatazama godoro, ndoo, maboga na jogoo, akaifungua tena kalamu.

"Shikamoo, bibi. Mbona umehama kabisa?"

"Marahaba. Andika Kishiwa. Na jogoo ni wa daktari."

Alikuwa jina la mwisho. Walimwita saa tisa alasiri, akaingia mwenyewe, mkono ukutani, bila kugeuka nyuma. Naomi alikaa kwenye benchi ukumbini akitazama mlango uliofungwa, na dakika ishirini zile zilikuwa ndefu kuliko njia yote ya kutoka Rudewa. Mama yake alipotoka jicho la kulia limefungwa bandeji, neno lake la kwanza lilikuwa, "Walikuwa wanaongea habari za mpira muda wote." Naomi akacheka, akamkalisha kwenye benchi.

Kesho yake asubuhi Monica alikuja kuifungua bandeji. Aliitoa polepole, akalifuta jicho kwa pamba, akarudi nyuma hatua mbili na kuinua mkono.

"Haya bibi, hivi ni vidole vingapi?"

Bibi Kishiwa alipepesa mara kadhaa. Machozi yalimtoka, akayafuta. Nesi na vidole vyake hakuwatazama kabisa. Alikuwa amemgeukia Naomi, akamtazama kama mtu anayesoma barua iliyochelewa, kuanzia kidevuni, mashavuni, akapanda mpaka kwenye paji la uso, akafika nyweleni. Akanyoosha mkono, na safari hii haukupapasa, ulikwenda moja kwa moja.

"Mwanangu," alisema, "hizi mvi umeota lini?"