Maji ya Harusi ya Njoki

Khisa aliwakuta samaki wote wamekufa. Walikuwa wamelala ubavu ndani ya kizimba cha waya, midomo wazi, na maji yaliyokuwa yakiwapita yalikuwa meupe kama maziwa yaliyotiwa maji.

Mwaka ule wa 1958 kazi yake ilikuwa kumsaidia mkaguzi wa maji wa Nakuru. Kiwanda cha ngozi kilichokuwa upande wa Kiamunyi kilikuwa na kibali cha serikali cha kumwaga maji yake kwenye kijito, lakini kwa sharti moja: maji ya kusafishia ngozi, yenye chokaa na manyoya, lazima yatulie kwanza katika mabwawa matatu. Khisa ndiye aliyeangalia kama sharti hilo linafuatwa. Alijaza chupa za kupelekwa mjini kupimwa, lakini majibu ya chupa yalichelewa sana, kwa hiyo mkaguzi alikuwa amemfundisha njia ya haraka. Weka samaki wadogo aina ya ngege ndani ya kizimba, kizamishe mahali mfereji wa kiwanda unapoingia kijitoni, kisha uwe unapita kuwatazama. Wakiishi, maji hayana neno. Mpaka Jumamosi ile, walikuwa wakiishi.

Mvua kubwa ilikuwa imenyesha usiku. Khisa alipanda mbio kando ya mfereji akaona kilichotokea. Ukuta wa udongo wa bwawa la kwanza ulikuwa umebomoka, na maji ya chokaa yalikuwa yakiyapita mabwawa mengine kwa pembeni, yakiteremka moja kwa moja mpaka kijitoni. Yalianza saa ngapi? Hakuna wa kumwambia.

Hapo ndipo alipokumbuka harusi.

Chini ya kijito palikuwa na landhi, zile safu za nyumba za wafanyakazi wa shamba la ng'ombe wa maziwa. Siku hiyo Ephantus Waithaka, nyapara wa wakamuaji, alikuwa akimwoza binti yake Njoki kwa kijana wa Molo. Wanawake walianza kuteka maji alfajiri, na Awuor, mke wa Khisa, alikuwa mmoja wa wapishi.

Khisa alinyakua kizimba pamoja na samaki wake, akakimbia.

Alipofika, masufuria yalikuwa yamekwisha kuinjikwa. "Msionje chochote!" alipiga kelele. "Mwageni! Maji ni mabaya!"

Wanawake wakabaki na miiko mikononi. Ephantus akatoka nyumbani akiwa amevaa koti lake jeusi, tai bado haijafungwa.

"Bwana Khisa, una nini?"

"Mzee, bwawa la kiwanda limebomoka. Maji mliyoteka yamechanganyika na chokaa, hata kama weupe hauonekani."

"Maji haya haya tunayokunywa kila siku?"

"Si haya haya. Tazama." Khisa akaweka kizimba chini, miguuni pa mzee.

Ephantus aliwatazama samaki, kisha akatazama wali, nyama na chai. Uso ulimkunjamana. "Wageni wako njiani. Unajua nilivyohangaika kupata ruhusa ya mkutano huu, wakati huu wa hali ya hatari? D.O., afisa wa serikali, amesema jua likitua kila mtu awe kwake. Nikimwaga chakula hiki nitawalisha nini? Samaki hufa, Bwana. Hata kwa baridi hufa."

Khisa alifungua kinywa, lakini Awuor alimtangulia. Alichota maji ya pipa kwa kiganja, akayasugua kati ya vidole.

"Yanateleza kama sabuni," alisema. "Baba Njoki, mimi nimezaliwa ziwani. Ngege hafi kwa baridi ya Nakuru." Akashika sufuria la wali kwa upande mmoja. "Nani atashika huku?"

Mwanamke mmoja akashika upande wa pili, na wali wote ukaenda shimoni. Baada ya hapo hakuna aliyengoja kuambiwa.

"Kuna mtu yeyote aliyekunywa?" Khisa aliuliza.

Wanawake walitazamana. "Cucu Mugure," mmoja alisema kwa sauti ndogo. "Alikunywa kikombe kizima cha chai asubuhi."

Cucu, yaani bibi, Mugure alikuwa mama yake Ephantus. Walimkuta kitandani, amefumba macho, uso kaugeuzia ukutani. Njoki, akiwa tayari katika gauni lake jeupe, alipiga magoti akamshika mkono.

"Alisema amechoka," Njoki alisema. "Nilidhani ni usingizi tu." Akaanza kulia.

"Mpeni maziwa," Khisa alisema. "Mzee, mtu aende kumwita daktari wa zahanati ya shamba. Mimi naenda kuyazuia maji."

Mwenye kiwanda, Bwana Virji, alikuwa ndani ya tope mpaka magotini, suruali amekunja, akisaidiana na wafanyakazi wake kurundika magunia ya mchanga. Maji yaliyapita magunia kana kwamba hayapo.

"Funga mlango wa kutolea maji kwenye mapipa ya chokaa," Khisa alimwambia. "Magunia hayatatosha."

"Sifungi, ukuta utasimama sasa hivi. Ngozi zimo ndani. Maji yakikaa, zitaungua zote."

"Kuna watu huko chini, Bwana Virji. Kuna harusi. Bibi kizee mmoja amelala na hatujui ataamka vipi."

Virji aliinua kichwa. "Harusi ya nani?"

"Ya binti ya Ephantus."

"Ephantus wa maziwa, anayetuletea kila asubuhi?" Virji aliliachia gunia, mikono ikimchuruzika tope. Kisha akageuka, akapaza sauti kwa watu wake: "Funga! Funga yote!"

Maji ya mfereji yalipungua, yakawa uzi, yakakatika. Virji alifuta paji la uso akalipaka tope zaidi. "Na sasa watapikia nini?"

Kiwanda kilikuwa na kisima cha pampu, kilichochimbwa juu kabisa mbali na mabwawa. Lakini Khisa hakukubali hata pipa moja la kiwandani, lisije likawa na chokaa. Walipitia na lori la Virji kwenye banda la kukamulia, wakapakia mikebe mikubwa ya maziwa iliyooshwa, wakaijaza kisimani. Njia nzima Khisa alikuwa akimfikiria yule bibi kizee.

Lori liliposimama kwenye landhi, alisikia kwanza sauti ya mwanamke akigomba.

"Mtu amelala usingizi wake, mnamwamsha na kumtia maziwa mdomoni kama ndama!"

Cucu Mugure alikuwa amesimama mlangoni, shuka begani, akimtikisia daktari kidole.

"Cucu," Khisa alisema, pumzi imemwishia, "ile chai ya asubuhi…"

"Nilijipikia mwenyewe. Ya maziwa matupu! Mwanangu ni nyapara wa wakamuaji, mjukuu wangu anaolewa, halafu nitie maji kwenye chai?"

Ephantus aliketi chini, pale pale kwenye nyasi, na koti lake jeusi, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Njoki alimkumbatia bibi yake, poda ya usoni mwake ikamchafua shuka zima. Khisa akaanza kushusha mikebe ya maji.

Wageni wa Molo walikuja na magunia ya viazi, na viazi ndivyo vilivyoliwa, na nyama mpya, bila wali. Mkaguzi alikuja Jumatatu, akasimamisha kibali mpaka ukuta ujengwe kwa mawe, na Virji hakubisha; lori lake liliendelea kuleta maji landhini mpaka kijito kikawa safi.

Lakini hayo yalikuwa bado mbele. Jumamosi ile jua lilikuwa limeanza kuinama wakati bibi harusi alipopandishwa garini, wanawake wakipiga vigelegele. Ephantus alimsogelea Khisa na kumpa mkono, akaushikilia.

"Ningewalisha watu kile chakula," alisema. "Wote. Hata Njoki."

"Hukuwalisha, Mzee."

"Sikuwalisha," Ephantus alisema. Akashusha pumzi ndefu, akamvuta kwa mkono mpaka mezani. "Haya, kaa. Hujala tangu asubuhi."