Nyumba Isiyokaliwa

Mwaka 1974, sisi wanawake tuliotangulia kuhamia kijiji cha ujamaa tulizawadiwa safari ya Dar es Salaam. Tuliona Sanamu ya Askari na Mnara wa Mwenge wa Uhuru, kisha tukapelekwa makumbusho, penye nyumba za asili za makabila mbalimbali.

Mama mkwe wangu, Perpetua, alisimama mbele ya nyumba ya udongo na nyasi, sawa kabisa na yake ya zamani kule Masanze, Kilosa. Ile niliibomoa kwa mikono yangu tulipohamia kijiji cha ujamaa, nikimwambia serikali haitaki tena nyumba za aina hiyo.

Alivua kandambili, akabisha hodi.

"Ingia tu, bibi, hakai mtu," alisema mwongozaji. "Ila usiguse kitu. Serikali inaitunza."

Akaingia, akaketi karibu na mafiga. Hayakuwa na masizi.

"Mama, basi linatungoja," nikamwambia.

"Ulisema hawazitaki."

"Hii ni ya maonyesho, mama."

"Kumbe nyumba wanaitaka. Asiyetakiwa ndani yake ni mimi."

Nilimshika mkono, nikamtoa.