Kioo Kilichopungwa

Mpimaji wa maabara alikiweka kioo cha sampuli chini ya hadubini, na kabla hajatulia kitini akajua kimeharibika. Seli zilikuwa zimevimba na kupauka, viini havina umbo. Huo haukuwa ugonjwa wala uzima, ulikuwa upepo. Muuguzi wa kliniki alikuwa amekipunga kioo kikauke, kama alivyozoea kwa damu ya malaria, badala ya kukizamisha kwenye spiriti kingali kibichi. Seli za mlango wa kizazi hazivumilii hewa hata kidogo.

Fomu ilikuwa ya mama anayefua mashuka ya hospitali hiyohiyo. Miaka arobaini na saba, anatokwa na damu isiyoeleweka.

Akaandika: Haisomeki. Apimwe tena.

Mkuu wa maabara akamrudishia fomu. Hakupandisha sauti. Alieleza kwamba hiyo ni "haisomeki" ya kumi na moja mwezi huu, wakubwa wanaangalia takwimu, na pasipoonekana kibaya mtu huandika salama. Ndivyo walivyofanya siku zote.

Ndivyo kweli. Miaka tisa nyuma, mkuu huyuhuyu, meza hiihii, kioo cha mpishi wa wodi ya watoto, nacho hakisomeki. Mpimaji aliandika "salama" kwa mkono wake, akashukuriwa. Mpishi alizikwa mwaka uliofuata. Takwimu hazikuguswa.

"Ukitaka salama, mkuu, andika wewe," alisema. "Na jina lako chini."

Mkuu akaichukua kalamu, akaichezea, akailaza mezani. Alisema tu kwamba kichwa kigumu kitamponza.

Mpimaji akashuka chumba cha kufulia na chupa ya spiriti mkononi. Mama alikuwa anakamua shuka. Aliposikia anatakiwa kupimwa tena, akacheka.

"Mara ya pili, mwanangu? Cha kwanza mmekipoteza au mmekipenda?"

"Tumekiharibu, mama. Sisi, si wewe."

Mama akaacha kucheka, akafuta mikono.

Kule kliniki, mpimaji alisimama begani kwa muuguzi mpaka kioo kipya kikazama kwenye spiriti. Muuguzi alinuna, akasema hakuna aliyewahi kumwelekeza. Ilikuwa kweli.

Kesho yake seli zilisomeka. Mpimaji aliweka nukta ya wino kando ya kila kundi lenye viini vyeusi, vikubwa kupita kiasi. Nukta sita. Mabadiliko mabaya, ila yaelekea hayajazama ndani, bado yanaondoleka. Mkuu aliinama kwenye hadubini, akazipitia moja moja, akatia sahihi.

Mama alisikiliza majibu mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja: siku za kupumzika baada ya matibabu, mashuka atafua nani?

"Hilo si lako, mama. Panda juu, daktari anakusubiri."