Saa za Zima-Washa

Mkuu wetu wa mafundi wa kompyuta tulimbandika jina Zima-Washa, maana hiyo ndiyo dawa yake ya kila ugonjwa. Ukurasa umeganda? Zima, washa. Na elimu yote ile, jamani!

Dada yangu yuko jengo letu hilohilo la hospitali, chumba cha chini, anapokea simu za wagonjwa na kuwapangia siku ya kumwona daktari. Hainuki kitini. Hata chakula anakula palepale, kijiko mkono mmoja, simu mkono wa pili. Basi huyo ndiye ambaye meneja wetu alitaka kumfukuza, eti mzito wa kazi: asubuhi anakwenda vizuri, ikifika mchana mgonjwa anasubiri mpaka anakata simu.

"Mbona wenzake hawana shida?" akadakia Zima-Washa. "Kompyuta ni zilezile. Tatizo ni mtu."

Mtu! Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakawaka. Nikakaa kwenye kompyuta ya dada, nikafungua kadi ya mgonjwa, nikaifunga, nikafungua nyingine, huku natazama kompyuta inavyojaza memori, nafasi yake ya kazi. Inapanda tu, haishuki. Nikachimba programu mpaka nikamkuta mchawi: kisaa cha urembo pembeni mwa kadi. Kila ukifungua kadi, kisaa kipya kinaanza. Ukiifunga, kisaa hakikomi, kinaendelea kuhesabu huko nyuma na kuing'ang'ania kadi nzima. Kufika mchana, ukurasa wa dada umebeba wagonjwa wote wa asubuhi. Wenzake hufunga kila kitu wakienda kula, wakirudi wanaanza upya, ndiyo maana hawakuona kitu.

Na kisaa kaweka nani? Nani tena! Jina lake kaliandika hapohapo juu, kwa madaha.

"Bingwa wa kuzima," nikamwambia mbele ya meneja, "saa zako mwenyewe umesahau kuzizima."

Akakohoa. "Kosa dogo tu, la kibinadamu."

Mkuki kwa nguruwe! Nikaongeza mstari mmoja: kadi ikifungwa, kisaa kife. Siku iliyofuata dada alipiga kazi mpaka mchana, na ukurasa mwepesi vilevile. Meneja akaja kusimama nyuma yake, anachekelea.

"Haya, utabaki," akasema. "Na kumbe sasa hata wengine wanaweza kula hapohapo mezani."

Hiyo ndiyo pole aliyompa. Dada akaufunga ukurasa ambao haukuwa na kosa tena, akachukua kopo lake la chakula, akasimama.

"Mimi naenda kula nje," akasema. "Simu zikilia, mpe Zima-Washa."