Diski Alizoziosha Mama Gia

Mama Gia aliziosha zile diski mbili za breki kwa mikono yake mwenyewe, kwenye beseni la kufulia, kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo. Muuza spea alikuwa amemwambia kwamba diski mpya huja zimepakwa mafuta ya kuzuia kutu, na mafuta hayo yakibaki, breki hazishiki. Basi hakumwachia mtu kazi hiyo. Alisugua upande huu, akageuza, akasugua upande ule, kisha akazipangusa kwa taulo kuukuu kama anayemtoa mtoto bafuni. Zilikuwa nzito, tambarare, hazina tundu wala mchoro.

"Sasa tuzitandikie kitanda," mdogo wake alimtania akiwa ameegemea mlango. "Dada, hicho ni chuma, hakishikwi na mafua."

"Chuma hiki ndicho kitakachomsimamisha mwanangu. Wewe cheka tu."

Huyo mdogo wake, wa tumbo moja, alikuwa fundi mwenye gereji yake, na watu walimwita Hamnashida kwa kuwa hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila mteja, hata yule ambaye injini yake ilidondoka barabarani.

Naye Gia alipata jina lake tangu utotoni, alipokuwa akizunguka nyumba nzima ameshika mfuniko wa sufuria kama usukani, akibadilisha gia kwa mdomo. Sasa alikuwa mtu mzima mwenye ajira, amenunua gari la mbio la milango miwili, la zamani lakini lina roho ya paka. Siku ambazo uwanja wa mbio ulifungua geti kwa yeyote mwenye gari na helmeti, hakukosa. Hapakuwa na kombe wala mshindi, ni kuzunguka tu kwa kasi mtu ajifurahishe. Mama yake hakuelewa kamwe kwa nini mtu akimbilie mahali alipotoka sasa hivi.

Alivumilia mpaka siku ile Gia aliposimulia mezani, huku anacheka, kwamba breki ilizama mpaka chini kwenye kona, akasimama amebakiza hatua moja agonge ukuta. Kijiko kilimganda mama mkononi.

"Gari hilo litoke nyumba hii," alisema, "au nitoke mimi."

Gia aliinuka, akaja nyuma ya kiti chake, akamshika mabega. "Mama, tuweke diski mpya. Twende wote dukani. Chagua wewe mwenyewe. Utakachosema ndicho tutakachofunga."

Chagua wewe! Hakuna aliyewahi kumwomba mawazo juu ya gari lile. Alivaa viatu vyake vya kutokea.

Dukani, muuza spea, mama mmoja mnene aliyefunga miwani yake kwa uzi, aliweka diski tatu juu ya kaunta: moja tupu, moja yenye mistari iliyochongwa, na moja iliyojaa matundu, inang'aa kama hereni. Macho ya Gia yalikwenda moja kwa moja kwenye matundu. Hamnashida akapiga mluzi.

"Hizo zinapendeza kwenye picha," muuza spea alisema. "Kwa kuendea kazini hazina neno. Lakini uwanjani mtu anakanyaga, anaachia, anakanyaga tena, mpaka chuma kinaiva. Ufa unaanzia kwenye tundu moja, unatafuta la pili. Nimeletewa nyingi zilizopasuka hivyo."

"Na hii ya mistari?" Mama Gia aliuliza.

"Inafaa, ila inakula pedi zinazoibana. Ningekuwa mimi, ningefunga hii tupu, nene, yenye nafasi ya kupitisha hewa katikati, pamoja na pedi za kuhimili joto. Haina sura, lakini ina kazi."

"Basi nipe hiyo isiyo na sura. Nimezoea. Nimeishi na baba yake huyu."

Walicheka wote, hata Gia. Hamnashida akaweka mkono kifuani. "Dada, umechagua kifundi. Nitazifunga mwenyewe. Hamna shida."

Diski zilipokwisha kuoshwa, Hamnashida alizibeba kwenda gereji kuzifunga, na usiku ule Mama Gia alilala fofofo, na zilizofuata vilevile. Siku ya uwanja ilipofika akakubali, kwa mara ya kwanza, kwenda kutazama. Alibeba chupa ya chai na moyo mweupe.

Magari yalikuwa yamepangwa mstari mmoja. Gari la Gia lilibandikwa jina la gereji ya mjomba wake mlangoni, na vijana walichuchumaa kando ya magurudumu wakipiga picha. Mama Gia alingoja wapishe, naye akachuchumaa, magoti yanalia, azisalimie diski zake.

Katikati ya vyuma vya rimu aliona matundu.

Akadhani ni jua linamchezea. Akainamia karibu, akapenyeza kidole. Matundu, safu kwa safu. Hata hapo, moyo wake ulimtafutia ndugu yake njia ya kutokea.

"Mdogo wangu, umechanganya. Hizi ni za mteja mwingine."

Hamnashida alitazama huku na huku. "Punguza sauti, dada. Watu wanarekodi."

"Diski zangu ziko wapi?"

"Ziko gereji, salama kabisa. Sikiliza. Nimeagiza mzigo wa hizi za matundu. Vijana wote hawa wakiziona kwa Gia, kesho wako mlangoni kwangu. Ni tangazo tu. Diski ni diski."

"Mwanangu ndiye kibao chako cha tangazo? Wewe, mjomba wake, uliyesimama dukani ukasikia yote?"

"Dada..."

"Usiniite dada! Umenitazama nikisugua vyuma kama mwendawazimu, ukanicheka, na moyoni unajua hazifungwi!"

Hamnashida alijifuta shingo. Alikuwa amebanwa, na aliyebanwa hutapika hata asichokusudia. "Usinimalize peke yangu. Muulize mwanao nani alinipigia simu kabla beseni lako halijakauka."

Mama Gia aligeuka. Gia alikuwa anafunga mkanda wa helmeti chini ya kidevu. Vidole vilisimama.

"Zile zilikuwa mbaya, mama. Wangenicheka."

"Kwa nini basi uliniambia nichague?"

"Ili ulale," Gia alisema polepole. "Ulikuwa hulali."

Afadhali angemzaba kofi. Usingizi wote ule, mtamu, wa kukoroma, walikuwa wamempikia wao wawili kama uji wa mgonjwa.

"Vua helmeti. Hutoki na hizi."

"Raundi chache tu, mama."

Mama Gia alisimama mbele ya boneti. Msimamizi mwenye kizibao cha njano akapuliza filimbi, na Hamnashida akamvuta dada yake kando. Gari likatoka.

Mama Gia hakutazama. Alisikiliza. Lilipita mara moja, likapita tena. Mara ya tatu, ule mlio wa kupunguza mwendo kabla ya kona haukuja. Kilichokuja ni mkwaruzo, kisha kokoto zikinyesha, kisha kishindo.

Alikimbia akiacha kiatu kimoja nyuma. Pua ya gari ilikuwa imejikita kwenye ukuta wa matairi. Gia alikuwa amesimama kando, mzima, helmeti mkononi. Diski ya mbele ilikuwa imepasuka kutoka tundu hadi tundu, hadi ukingoni. Ukucha wa Mama Gia uliingia kwenye ufa.

Hamnashida alifika akihema. Alifungua mdomo, na neno lake lile halikutoka.

Mama Gia aliokota kiatu chake. Alikwenda moja kwa moja gereji. Diski yake moja ilikuwa imeegemezwa kwenye geti lisipigwe na upepo. Ya pili ilikuwa chini ya birika la mafundi. Zote zilikuwa nyekundu kwa kutu, maana mafuta ya kuzilinda aliyatoa mwenyewe kwa sabuni. Alizikumbatia zote mbili, gauni likachafuka, akakataa kusaidiwa mpaka nyumbani.

Gari lilipokwisha kunyooshwa, Gia alizisugua kutu diski zile, akazifunga uani, juu ya jeki, mama yake amekaa kigodani mbele yake.

"Mama, huniamini tena?"

"Kaza bolti."

Wewe mzazi unayesoma haya, mwanao akikubembeleza kwa "chagua wewe", chagua, lakini usiinuke mpaka uone kilichofungwa. Na ndugu yako asikutulize kwa kuwa ni ndugu.

Gia bado huenda uwanjani. Kabla hajaondoka hufungua gurudumu bila kuambiwa, akamwita mama yake. Mama Gia huja, huchuchumaa, hupitisha kidole juu ya chuma. Ni zenyewe, tambarare, hazina tundu.

"Nimeona," husema. "Nenda."

Kisha hurudi chumbani, hujilaza, na usingizi hauji.